Faili la Mwisho Ndilo Lenye Neno

Kevo na Saumu,

Mliniomba niwaachie maelezo ya mfumo kabla sijarudisha funguo. Nimejaribu. Niliandika ukurasa mmoja, nikausoma, nikaona unafanana na ile karatasi inayowekwa ndani ya boksi la redio mpya, ambayo hakuna mtu Eastlands nzima amewahi kuisoma. Kwa hivyo nimeanza upya, na safari hii nitawaambia tu ilivyokuwa. Mambo ya vyeo nayaruka. Cheo changu kilibadilishwa mara kadhaa na kazi ikabaki ileile.

Najua mnacheka mkisikia nasema nimestaafu. Saumu ameshasema mtu hastaafu kabla ya mvi. Lakini kwenye kazi hii ya kompyuta umri wetu huhesabiwa kama wa kuku, na mimi ni kuku mkubwa. Naenda kuuza miche ya miti kando ya barabara pale Mowlem, upande wa mto. Nimeshaiona barabara ile kichwani ikiwa na kivuli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watoto wakigombania mapera. Baba yangu ni mchongaji, maisha yake yote amegeuza miti kuwa twiga. Naona ni haki mtu mmoja wa nyumba yetu aanze kurudisha.

Nilianza kazi hii na cheti cha kidato cha nne chenye gredi ambayo mama hakuitundika ukutani. Wakati huo nilikuwa kwenye saiba moja ya Umoja, duka la intaneti, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe ningezitaka. Kaka Shaaban alikuwa mteja, akija kuchapisha karatasi zake. Siku moja alisimama nyuma yangu akitazama vidole vyangu, akaniuliza kama naweza kuchapa maneno ya mtu bila kuyarekebisha. Nikamwambia naweza, isipokuwa mtu akikosea jina la mama yake mwenyewe, hapo siwezi kunyamaza. Alicheka hadi akashika meza. Jumatatu iliyofuata nilikuwa napanda ile ngazi ya chuma mnayoipanda nyinyi kila asubuhi, juu ya duka la vitambaa pale soko la Jericho, harufu ya samaki wa kukaanga ikinifuata mpaka mlangoni.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, na kompyuta kubwa iliyonguruma kama jiko la mafuta ya taa. Hiyo ndiyo ilikuwa seva. Kaka Shaaban aliifunika kwa leso ya marehemu nyanya yake ili isiingie vumbi, na kila asubuhi kabla ya kuiwasha alisema Bismillahi. Mimi, Mkamba wa kanisani, nikazoea kuitikia Amina. Hatukuwahi kulijadili jambo hilo, na seva haikuwahi kulalamika.

Yeye alizaliwa Majengo, lakini nyanya yake alitoka Lamu na akamwachia Kiswahili kilichotufanya sisi wengine tuone aibu. Siku ya kwanza niliingia nikamwambia, "Niaje, Shaabo." Akajibu bila kuinua macho, "Sijambo, dadangu. Nawe je, umeamkaje?" Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananifunza. Kwa miaka yote tuliyokaa naye mimi nilisema Sheng, yeye akajibu kwa sentensi kamili, na hakuna aliyeshinda.

Kazi mnaijua, lakini niiseme kwa sababu mmeikuta imeshakomaa. Kila jioni saa kumi na mbili mashine inawatumia ujumbe mfupi watu wanaomeza dawa kwa miezi mingi, ili wasisahau. Ugonjwa siutaji, kwa sababu si wangu. Jueni tu kwamba dawa hizo ukiziacha katikati, ni afadhali kama hukuzianza.

Sasa, nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua nyumba zetu. Chumba kimoja, watu watano, simu moja inayokaa mezani karibu na chumvi. Ujumbe ukiingia, aliye karibu ndiye anayesoma, tena kwa sauti. Ukimtumia mtu "Kumbuka kumeza dawa zako", umetangaza kwa ploti nzima. Ndiyo maana wengi hawaendi hata kliniki ya mtaa wao. Wa Jericho huenda Mowlem, wa Mowlem huja huku, wanapishana njiani na kila mmoja anajifanya anaenda sokoni.

Kwa hivyo Kaka Shaaban na Sista Agnes, muuguzi wa ile kliniki ya Mowlem, walikuwa wamekubaliana jambo moja kabla hata sijaajiriwa: kila mgonjwa achague maneno yake mwenyewe. Maneno yoyote, mradi yeye akiyaona ajue ni dawa, na mwingine akiyaona asijue kitu. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza kwenye mafaili kama yalivyo. Majina sikupewa, wala sikuyataka. Nilipewa namba na maneno, na nikawajua watu kwa maneno yao. Kulikuwa na "Kuku wamelala?" Kulikuwa na dereva aliyechagua "Angalia geji." Kulikuwa na ajuza wa Umoja aliyechagua "Yesu anakupenda," kwa sababu katika nyumba ile hakuna ambaye angeshuku hilo. Kulikuwa na kijana aliyetaka "Buda, uko area?" akaniachia ujumbe kupitia Sista kwamba nisije nikaandika kwa Kiswahili cha mtihani.

Wiki hiyo ya kwanza nilimuuliza Kaka Shaaban mashine inajuaje neno lipi ni la nani. Hakunipa maelezo. Alifungua droo, akakata vipande vya ile nailoni ngumu ang'avu ya kufunikia vitabu vya shule. Kwenye kipande cha kwanza akaandika kwa kalamu nene: saa kumi na mbili jioni, Kiswahili, Kumbuka kumeza dawa zako. Akasema hilo ni faili la msingi, linajibu kila swali ili mashine isikwame. Juu yake akatandika kipande cha pili, cha kliniki, chenye jina la kliniki tu mahali pa kuweka sahihi. Juu yake cha msimu, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu. Mwisho kabisa akaweka cha mtu, na kwenye hicho akabandika vijikaratasi vyeupe juu ya maneno ya dawa na juu ya jina la kliniki, kisha akaandika: Kuku wamelala? Akaniambia nisimame nitazame kutoka juu.

"Unasoma nini?"

"Saa kumi na mbili jioni. Kiswahili. Kuku wamelala."

"Neno la dawa umeliona?"

"Sijaliona."

"Lakini lipo," akasema. "Lipo pale chini. Usije ukasahau kwamba lipo."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kupakia mafaili na kuyaunganisha, na sijapata kozi nyingine. Yeye aliita kutandika. Faili la mwisho ndilo lenye neno, na yaliyo chini yake husikika pale tu ambapo la juu limenyamaza. Vile vipande vya nailoni nimewaachia kwenye bahasha. Kevo, najua una michoro yako kwenye kioo cha kompyuta. Vitandike hata hivyo, mara moja tu, halafu utaniambia.

Makosa ya siku za mwanzo yalikuwa ya kuchekesha, na nayakumbuka kwa mapenzi. Mzee mmoja asiye na hata mbuzi alichagua "Ng'ombe wamerudi?" Programu yetu ikaona ile alama katikati, ikadhani sentensi imeishia hapo, ikamtumia "Ng". Jioni baada ya jioni. Alivumilia kwa muda, kisha akaenda kliniki kumuuliza Sista amekosa nini hata aitwe hivyo.

Halafu ikaja Ramadhani, ndipo nikajua kwamba orodha ni kitu cha hila. Wale waliofunga, Sista aliwapangia dawa wakati wa futari na wakati wa daku. Tukaandika faili la msimu lenye saa hizo. Lakini badala ya orodha ya juu kuiondoa ya chini, mashine ilizishona pamoja. Mzee mwingine, jirani wa kliniki, akawa anakumbushwa wakati wa daku, jioni kabla jua halijatua, na tena magharibi. Alikuja ofisini mwenyewe. Akapanda ngazi polepole na kanzu yake nyeupe, akakaa, tukamkaribisha maji kwa mazoea na kujuta hapohapo. Akauliza kwa upole kabisa kama hii mashine yetu ina ugomvi wowote na dini. Kaka Shaaban alitamani ardhi ipasuke. Kuanzia siku hiyo tukaweka kanuni ambayo bado mtaikuta imeandikwa juu kabisa ya programu: orodha ya juu huiondoa ya chini yote, na anayetaka kuongeza aseme waziwazi kwamba anaongeza. Ukikuta nusu ya mafaili yana neno "ongeza", hiyo ndiyo sababu. Ni kwa ajili ya mzee aliyekataa maji.

Sasa nije kwenye ile siku.

Miongoni mwa maneno ya Mowlem kulikuwa na "Umeloweka maharagwe?" Niliyapenda tangu nilipoyachapa. Kichwani nilimwita mwenyewe Maharagwe, kana kwamba tumesoma pamoja. Siku moja niliuliza kama naweza kuongeza neno "dada" mbele yake ili yawe matamu zaidi, na Sista Agnes akanijia juu. Hayo usiyachezee, akaniambia, na ili nielewe kwa nini, akanieleza kidogo. Mwenye maneno hayo alikuwa mke kijana, anaishi Jericho na mama mkwe wake. Mume ni dereva wa malori ya mbali, anarudi anapojaliwa. Asubuhi huyu msichana anauza chapati na madondo, yale maharagwe ya kuchemsha, nje ya nyumba, kwa hivyo mtu akimuuliza jioni habari za maharagwe, ni rafiki tu wa biashara. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye maji, namba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mama mkwe. Na alikuwa amemwambia Sista kwamba yule mama akijua, atamrudisha kwao kabla lori la mume halijageuza.

Alasiri ya siku hiyo ninayoisema mvua ilikuwa inanyesha. Kliniki ilikuwa imetuletea maneno mapya, na mashine ilikuwa inahifadhi faili la watu wa Mowlem, la watu wote pamoja, wakati stima ilipopotea. Ilirudi muda si muda. Betri ya akiba ilikuwa imeshazeeka, haikusaidia kitu. Tukawasha, seva ikanguruma, mafaili yote yapo na majina yao, hakuna taa nyekundu. Tukaendelea na kazi, tukanywa chai.

Faili la watu wa Mowlem lilikuwepo, lakini lilikuwa tupu. Lilikatika likiwa halijaandikwa hata neno. Nataka mlishike hili kuliko mengine yote: faili lililovunjika hupiga kelele, mashine inakataa na wewe unajua. Faili tupu halisemi kitu. Mashine ililifungua kwa heshima zote, ikaona watu hawa hawana la kusema, ikatandika nailoni isiyo na alama juu ya msingi na juu ya kliniki. Ilipofika saa kumi na mbili, wagonjwa wote wa Mowlem wakatumiwa maneno ya chini.

Tulikuwa tunavaa sweta ili tutoke, simu ya Sista Agnes ikaingia. Mgonjwa mmoja alikuwa amempigia akilia. Nikafungua orodha ya ujumbe uliotumwa, nikaona sentensi moja imerudiwa kutoka juu hadi chini kama adhabu ya shule. Nikaitafuta ile namba ya Jericho. Nayo ilikuwa imepata sawa na wenzake: Kumbuka kumeza dawa zako. Kliniki ya Mowlem.

Wazo langu lilikuwa tutume ujumbe wa pili haraka. Tuseme pole, namba siyo. Vidole vilikuwa vimeshaanza. Kaka Shaaban akaweka kiganja juu ya kibodi.

"Mwende, dadangu. Ujumbe wa pili humfanya mtu aurudie wa kwanza."

"Sasa tufanye nini? Tukae tu?"

"Tuzime Mowlem kwa leo. Kesho kliniki ikifunguliwa tuwe pale mlangoni. Mtu akija na ghadhabu zake asikose wa kumpa."

Nilidhani ataketi kurekebisha programu. Hakuigusa. Alisema programu haina mama mkwe, inaweza kungoja. Nikatembea kwenda nyumbani nikipitia katikati ya zile nyumba za Jericho, watu wanapika, redio zinaongea, na kila dirisha lenye taa nililisikiliza kama kuna kelele. Sikujua lake ni lipi. Nilimwombea kwa jina la maharagwe, kwa sababu lingine sikuwa nalo. Nadhani Mungu alielewa.

Asubuhi tulikaa kwenye benchi la kliniki kama wagonjwa. Alikuja mwanamume mmoja akatusomea makosa yetu vizuri, na Kaka Shaaban akayapokea yote akiwa amesimama. Akaja mwanamke aliyekuwa anacheka, ati mumewe ameuona ujumbe na kumwambia alijua tangu zamani, alikuwa anangoja aambiwe. Nikaanza kupumua. Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, leso imefungwa kiunoni na viatu vya mvua, akauliza kama ni hapa panapotoka meseji. Sista Agnes akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Jana simu yangu iliandika mambo ya dawa. Iliandika na jina la mahali hapa. Mimi sina dawa, na nyumbani tuko wawili."

Sista akakunja mikono. "Mama, mimi siwezi kukwambia habari za mtu."

"Sijakuuliza. Nimekuja kukwambia."

Kaka Shaaban alikuwa ametazama sakafu. Yule mama akatueleza, bila haraka, kama mtu anayesimulia mambo ya soko, kwamba kila jioni simu yake huulizwa kama maharagwe yamelowekwa. Mwanzoni hakujali. Kisha akafikiri.

"Maharagwe ya nyumba ile naloweka mimi," akasema. "Mchana. Kila siku ya Mungu. Yeye anajua, na rafiki wa biashara angejua. Sasa ni nani huyu anauliza jioni maharagwe yaliyolowa tangu adhuhuri? Nikasema, eeh, huyu msichana ana mwanamume."

"Na ukanyamaza?" Sista akauliza, nadhani bila kukusudia.

"Nikanyamaza nione. Lakini kila ujumbe ukija anaenda nyuma ya pazia, na mimi nasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe. Mtu hanywi maji kwa ajili ya mwanamume."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nusura. Alisema amejua tangu miezi ile ya mwanzo kwamba mkaza mwanawe anameza kitu. Ni kitu gani, hakujua, na alikuwa ameamua kutojua. Jana msichana alikuwa msalani ujumbe ulipoingia. Akausoma, akaufuta.

Kaka Shaaban akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akamuuliza kwa adabu kama jana, basi, yule binti alipitwa na dawa yake.

"Atapitwaje? Aliporudi nikamwambia, mwenzako ameuliza maharagwe."

Mimi ndiye niliyelia, si mwingine. Mnanijua. Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu, ili msichana wa watu apumue. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini ugali ni mweupe.

"Mwanangu, yule sasa hivi chumvi ikizidi ananiambia. Nikichelewa kufunga mlango ananigombeza. Akijua najua, ataanza kunipikia kwa woga. Sitaki kupikiwa kwa woga. Yarudisheni maharagwe. Na leo jioni yasichelewe."

Hayakuchelewa. Niliyaandika upya kwa mkono wangu kabla ya chakula cha mchana, yake kwanza, kisha ya wengine wote. Ndipo Kaka Shaaban akaigusa programu. Mengi mnayoyaona ya ajabu mle ndani yametoka wiki hiyo. Mashine haiandiki tena juu ya faili la zamani: inaandika jipya pembeni, inalisoma mpaka mwisho, na ikiridhika ndipo inabadilisha majina. Stima ikipotea katikati, la zamani bado lipo. Faili tupu sasa linahesabiwa kuwa limevunjika. Mtu asiye na maneno yake hatumiwi kitu na mashine, anapigiwa na Sista.

Na lile la msingi tulibishana. Mimi nilitaka libaki na neno la dawa, maana nilihofia mtu kusahau. Yeye alisema msingi uwe ni maneno ambayo yakimfikia mtu yeyote, saa yoyote, hakuna anayefukuzwa nyumbani. Akaandika "Habari za jioni." Kevo, mwezi uliopita uliniambia tuyabadilishe kwa sababu hayamsaidii mtu. Ni kweli, hayamsaidii. Kuna siku yatapenya tena, kwa njia ambayo mimi na Kaka Shaaban hatukuiwaza, na siku hiyo utashukuru kwamba chini kabisa kuna salamu tu. Yaache.

Kaka Shaaban macho yalipochoka alirudi Majengo kufundisha watoto madrasa. Nikimtembelea ananiuliza habari za mafaili kama watu wanavyouliza habari za shangazi. Ile leso ya seva aliiacha. Seva mpya ni ndogo kama sanduku la viatu na haihitaji kufunikwa, lakini Saumu, nimefurahi kuona bado unaifunika.

Yule mama alirudi kliniki mara moja tu. Ilikuwa baada ya miezi kadhaa, na mimi nilikuwa pale nikibadilisha betri ya kompyuta ya Sista, nimepiga magoti chini ya meza. Nilivitambua viatu vya mvua kabla sijasikia sauti.

"Simu imenyamaza," alimwambia Sista Agnes. "Tangu juzi. Ameziacha? Mniambie kama ameziacha, nitajua la kufanya."

"Mama, unajua siwezi..."

"Najua huwezi. Lakini simu imenyamaza."

Sista alinitazama, nami nikatazama betri. Niliiambia betri, kwa sauti ya kutosha, kwamba mtu akiacha dawa zake hapa hatuzimi kitu, ndiyo kwanza Sista anavaa viatu na kumfuata. Mashine yetu humnyamazia mtu akishazimaliza zote na daktari akaridhika.

Yule mama akakaa. Safari hii alikaa. Akafungua fundo la leso kiunoni, akajifuta uso wote, akaifunga tena, polepole, akaikaza. Hakuna aliyemharakisha, ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kisha akasema, si kwetu hasa, kwamba basi leo anachinja kuku.

Sista Agnes akasahau sheria zake zote. "Na akikuuliza ni kuku wa nini?"

Alikuwa ameshasimama, anatafuta mlango.

"Nitamwambia kuku alikuwa ameanza kula mayai yake mwenyewe."